Ondoka Kwenye Lami, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, binti wa Ludete, ujumbe wako nimeusoma na nikaurudia. Umesema umeona video kwenye simu: mume na mke wenye mvi, kila mmoja na baiskeli yake, wanaendesha taratibu kando ya mfereji wa maji huko Ufaransa. Miti mikubwa imewafunika kwa juu, hakuna lori wala pikipiki, na jioni wanalala kwenye kijiji chenye kanisa la mawe la zamani sana. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, inahitaji shilingi ngapi kufika huko. La pili, umjibu nini kaka yako aliyekwambia baiskeli ni ya watu walioshindwa kununua pikipiki.

Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wengi wenu mnaoniandikia kutoka Katoro, Buseresere na Geita mjini mnasumbuliwa na jambo hilo hilo. Mnafungua duka alfajiri na kufunga usiku. Mnaishi katikati ya honi, spika za matangazo na jenereta. Mkipata siku moja ya kupumzika hamjui mwende wapi, basi mnaishia kukaa ndani na simu mkitazama watu wa mbali wakipumzika. Hilo linaniumiza, kwa sababu mapumziko mnayoyatazama yapo mlangoni kwenu.

Nianze na Ufaransa, maana ina jambo la kutufundisha. Mfereji uliouona yaelekea ni Canal du Midi. Ulichimbwa kati ya 1666 na 1681 chini ya mtu aliyeitwa Pierre-Paul Riquet, mkusanya kodi ya chumvi, ambaye alifariki 1680 kabla hajauona ukifunguliwa. Ni kilomita 240, kutoka Toulouse hadi karibu na bahari ya Mediterania. Mashua za ngano na mvinyo zilivutwa na farasi waliotembea ukingoni, ndiyo sababu kuna njia kando ya maji mpaka leo. Farasi waliondoka, njia ikabaki, baiskeli zikairithi. Mkoa wa Burgundy nao ulikuwa na reli isiyopitiwa na treni tena kati ya Givry na Cluny, mji wenye nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 910. Mwaka 1997 njia hiyo ya reli ikafunguliwa kwa waenda kwa miguu na baiskeli peke yake. Sasa nchi ile ina njia za namna hiyo kila upande, na moja inayofuata mto Loire, penye majumba ya wafalme, ina urefu wa kilomita 900 hivi.

Utulivu ule haukushuka kutoka mbinguni. Kuna watu walikaa kikao wakaamua kwamba kuanzia hapa gari halipiti. Hapa kwetu kikao hicho hakijakaa bado, lakini tuna bahati nyingine: gari lenyewe halijafika kila mahali. Ukitoka nyumba za mwisho za Katoro ukaiacha lami mgongoni, unaingia kwenye njia za mashambani ambazo ng'ombe, watoto wa shule na akina mama wa sokoni ndio wenye nazo. Huko utapita nusu saa nzima bila kusikia injini.

Kwa hiyo hesabu ya pasipoti, viza na tiketi ya ndege iweke kando kwa sasa. Ukija kupata nafasi ya kwenda, nenda, nami nitakuwa wa kwanza kukupongeza. Ila usiisubiri Ufaransa ndipo uanze kuishi.

Kaka yako mjibu kwa upole, kwa sababu anasema anachokisikia kijiweni. Mkumbushe kwamba bodaboda zilianza kwa baiskeli, zikivusha watu na mizigo pale mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, miongo mingi kabla ya pikipiki za bei nafuu kuingia. Mkumbushe Shinyanga na Kahama, ambako vijana wamesomesha watoto kwa baiskeli za abiria wanazoziita daladala. Mkumbushe pia babu zenu. Miaka ya 1950, pamba ilipokuwa na bei na vyama vya ushirika vya wakulima vikaungana mwaka 1955 kuunda Victoria Federation chini ya Paul Bomani, baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mkulima wa Usukuma alinunua baada ya kuuza pamba. Ilipeleka mgonjwa zahanati, ikabeba gunia, ikampeleka kijana ukweni. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, jirani zetu kabisa hapo ng'ambo ya mpaka wa Rusumo. Wanaoidharau baiskeli wamepitwa na habari.

Lakini mbio sizo ninazokushauri. Nakushauri safari ya polepole, ya kwenda kuijua nchi yako kwa macho yako.

Tuzungumze juu ya chombo chenyewe. Usikimbilie baiskeli mpya inayong'aa yenye gia ishirini na moja. Gia za bei rahisi hujaa vumbi, zikaruka ruka, na fundi wa kijijini hana kipuri chake. Phoenix au Hero iliyotunzwa, au mtumba wa Japani wenye fremu nzima, itakufikisha. Kabla hujalipa, ipeleke kwa fundi unayemwamini, si fundi wa muuzaji, kisha kaa umtazame anavyofanya. Ataigeuza kichwa chini, azungushe gurudumu, na kusogeza ncha ya kidole gumba karibu kabisa na rimu. Pale rimu inapogusa kucha ndipo ilipopinda. Atakaza spoki ya upande mmoja robo mzunguko, atalegeza ya upande wa pili, atazungusha tena, atasikiliza. Fundi mzuri hufanya hivyo mpaka rimu ipite mbele ya kidole bila kugusa popote. Mwambie pia afungue habu aone gololi na kuzipaka grisi, akague raba za breki, na akaze keria, maana keria iliyolegea ndiyo itakayokuangushia mzigo katikati ya pori.

Mwombe akufundishe kuziba pancha. Hili ni la lazima, na kwa mwanamke ni la lazima zaidi, kwa sababu sitaki usimame njiani ukimtegemea mpita njia yeyote anayejitokeza. Unatoa tyubu, unaijaza upepo, unaipitisha kwenye beseni la maji kidogo kidogo mpaka uone mapovu. Unakausha, unasugua kwa msasa, unapaka sulusheni. Hapo wengi wana haraka, wanabandika kiraka sulusheni ikiwa bado mbichi, nacho kinabanduka baada ya kilomita mbili. Subiri ikauke mpaka inate tu kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Ukishafanya hivyo mara mbili tatu mbele ya fundi, nunua viraka vyako, sulusheni yako, pampu ndogo na spana ya gurudumu, vifunge kwenye mfuko mmoja usiotoka kwenye baiskeli hiyo.

Sasa mambo ya mwili, maana najua mnaona haya kuuliza. Siti iweke kwenye kimo ambacho pedali ikiwa chini kabisa, mguu wako unakaribia kunyooka. Wengi huiweka chini mno kwa kuogopa kuanguka, kisha magoti yanawauma na wanalaumu baiskeli. Vaa taiti ndani ya sketi au suruali pana, na kama unavaa kanga ifunge kwa ndani vizuri, upande wa cheni kisining'inie kitu. Ganzi ikikujia sehemu ulizokalia, shuka utembee kidogo, kisha ishushe pua ya siti kidogo. Na yale maneno kwamba msichana akiendesha baiskeli atakosa uzazi au ataharibika, hayana msingi wowote. Akina mama wa Shinyanga wamebeba maji, kuni na watoto kwa baiskeli miaka nenda rudi, na vijiji vyao vimejaa watoto. Kama una mimba, hilo ni suala la kuzungumza na nesi wa kliniki kabla ya safari yoyote ndefu.

Siku zako za mwezi zisikuzuie ukijisikia vizuri. Beba pedi za ziada na maji ya kunawa, panga vituo kwenye shule, zahanati au makanisa, mahali penye choo.

Njia sasa, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Ile barabara kuu inayotoka Geita, inapita Katoro na Buseresere na kuendelea Bwanga, si mahali pa kutalii kwa baiskeli. Ina malori, mabasi ya mikoani yanayowahi muda, michomoko, zile gari ndogo za abiria, iliyojaza watu mpaka buti, na pembeni hakuna nafasi ya kukutosha wewe na hofu yako. Kama ni lazima uipite ili kufikia njia ya shamba, ipite asubuhi mapema kukiwa kumeshapambazuka, kaa kushoto, vaa kitu chenye rangi kali, na usivae spika za masikioni. Ukisikia lori nyuma na mbele kuna gari linakuja, shuka ukae kwenye majani. Hakuna aibu ya kushuka.

Kutafuta njia tulivu, usiulize "njia ya kwenda kijiji fulani ni ipi?" Watakuonyesha ya gari. Uliza: "Mtu wa baiskeli anapita wapi?" Utaelekezwa kwenye njia nyembamba iliyolainishwa na matairi na kwato, inayokata katikati ya mashamba ya mihogo, mahindi na pamba, ikiinama kwenye bonde na kupanda kwenye kilima. Usukumani watu wanazijua ardhi zao kwa majina, nawe uyatumie. Wakikwambia mbele ni luseni, ujue ni mchanga: kiangazi gurudumu litazama, shuka usukume mapema kuliko kupigana nao. Wakikwambia ni mbuga, ujue ni udongo mweusi. Kiangazi umepasuka na unatikisa mifupa, na mvua ikinyesha unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu halizunguki. Mwezi wa 6 mpaka wa 9 ndio wakati wenu mzuri. Vumbi lipo, lakini asubuhi kuna baridi nzuri, pamba inavunwa, na njia zinapitika.

Katika miezi hiyo huku kwetu jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni, na giza halichelewi. Ondoka kukipambazuka, ukae kivulini kuanzia saa 6 mpaka saa 9, na saa 11 jioni uwe umeshafika unapolala au umeshaanza kuingia nyumbani. Kwenye njia za vumbi hesabu kilomita kumi kwa saa, si zaidi, vituo vikiwemo. Safari yako ya kwanza iwe kilomita kumi kwenda na kumi kurudi. Itakutosha, niamini.

Utaona nini huko? Hapo ndipo ninapowashangaa wanaosema kwetu hakuna historia.

Kabla ya dhahabu kujulikana huku, palikuwa na chuma. Warongo, mafundi wa chuma wa nchi ya Geita na Biharamulo, waliyeyusha mawe ya chuma kwenye matanuru ya udongo kwa mkaa na mivuo ya ngozi, wakafua majembe. Majembe hayo yalisafiri mpaka Usukumani, yakalima, yakalipwa kama mahari. Ukipita shambani ukaokota kitu cheusi, kizito kuliko ukubwa wake, chenye vitundu kama povu lililoganda, yawezekana umeshika mavi ya chuma, mabaki ya tanuru la zamani. Kiangalie, kirudishe ulipokitoa, kisha muulize mzee wa shamba hilo nani aliishi hapo. Nchi hii ilikuwa ya Wazinza na watemi wao kabla Wasukuma hawajahamia kwa wingi wakifuata ardhi ya pamba na malisho, na wazee wa pande zote mbili bado wana masimulizi. Mtu aliye kwenye gari hasimuliwi hayo. Mtu aliyeegemeza baiskeli kwenye mwembe akaomba maji, anasimuliwa.

Mwaka 1958 watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kulipinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi ambalo serikali ya kikoloni ilitaka kuwawekea. Muulize bibi au babu aliyekuwa kijana wakati huo, kama Mungu bado amemweka.

Dhahabu nayo ina njia zake. Wajerumani walibaini dhahabu ya Geita mwaka 1898, mgodi wa enzi ya Waingereza ukafanya kazi kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1966, na ule mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Lakini historia ya wachimbaji wadogo iko Lwamgasa na Nyarugusu, kusini mashariki mwa Katoro, na wengi wenu mna baba au mume huko. Kwenda kutazama kazi za watu wenu ni jambo jema, ila lina masharti. Usitoke nje ya njia inayokanyagwa, kwa sababu maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyoachwa hayana uzio, na majani huota mpaka mdomoni. Usinywe wala kunawa uso kwa maji ya kijito au kisima kilicho karibu na mialo ya kuchenjua. Zebaki haina harufu wala rangi ndani ya maji, na Lwamgasa ilichunguzwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa miaka ya 2000 mwanzoni kwa sababu hiyo hiyo. Ukipita karibu na makarasha, mashine za kusaga mawe, funga kitambaa puani, lile vumbi la mawe linaua mapafu taratibu. Na uwe umeshaondoka machimboni kabla jua halijaegemea, hasa siku ambayo watu wamegawana mawe na pombe imeanza kumiminwa. Simtukani mchimbaji. Wengi ni waungwana kuliko wanavyosemwa. Ila msichana mwenye baiskeli asiwe ndiye wa kupima nani muungwana saa moja ya usiku.

Mimi mwenyewe napenda zaidi upande wa kaskazini, kuelekea ziwani. Vijiji vinafuatana, upepo unabadilika kabla hujayaona maji, halafu ghafla unakutana na dagaa wameanikwa na watoto wanafukuza ndege. Upande wa Chato unaangaliana na kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, ambako miaka ya 1960 waliachiwa sokwe waliotoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya, wakajifunza upya kuishi msituni, na vizazi vyao vipo mpaka leo. Baiskeli yako itabaki nchi kavu, na kuvuka ni kwa utaratibu wa hifadhi, kwa hiyo ulizia ofisi za TANAPA, wasimamizi wa hifadhi, mapema. Hata usipovuka, kukaa mwaloni na sato wa kuchoma ni safari iliyokamilika. Usioge ziwani, kichocho kipo, na mamba na kiboko wana njia zao. Mara ya kwanza usiende na kurudi siku moja. Lala, pumzisha miguu, rudi kesho.

Biharamulo, penye boma la Wajerumani lililojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita, ni pazuri kwa mtu anayependa majengo ya kale. Ila ile sehemu ya msitu njiani, usiipite kwa baiskeli. Ina historia ya utekaji, ina wanyama, na kutoka kijiji hadi kijiji ni mbali. Pandisha baiskeli juu ya basi, shukia mjini, kisha utembee huko ukiwa umetulia.

Watakaokuwa wamezoea, wenye miguu ya kilomita hamsini kwa siku, waitazame Shinyanga. Huko kuna ngitili, malisho ambayo wazee walikuwa wakiyafunga masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Ardhi ilikuwa imebaki uchi kwa ukataji wa miti, mpaka mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulioanza 1986 ulipowarudisha watu kwenye desturi hiyo. Miti ikarudi, asali ikarudi, ndege wakarudi. Kupita kwa baiskeli pembezoni mwa ngitili asubuhi, kivuli upande mmoja na mashamba upande wa pili, ni jambo ninalomtakia kila mmoja wenu.

Chakula kisiwasumbue, tuna cha safari tangu enzi. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyokwisha kuchemshwa na kukaushwa, unatafuna hivyo hivyo ukiwa njiani. Michembe ni viazi vilivyokaushwa bila kuchemshwa, unakwenda nayo hivyo, unamwomba mama mwenye jiko akuchemshie na karanga, naye atafurahi kula nawe. Mananasi ya Geita utayakuta njiani. Maji beba lita tatu, chumvi kidogo na sukari kwenye kikaratasi, uchanganye ukianza kusikia kizunguzungu.

Kuhusu watu. Usipite kijijini kwa kasi kama mtu anayekimbia deni. Ukimkuta mzee, shuka kwenye baiskeli, usimsalimie ukiwa juu. Sema "Mwangaluka" asubuhi, "Mwadila" mchana na jioni, inama kidogo kama ulivyolelewa, mwite mayu au baba. Vijiji vyetu vina sungusungu, ulinzi ulioanzia huku huku Usukumani miaka ya 1980 mwanzoni, na mgeni asiyejieleza huulizwa maswali. Usingoje kuulizwa. Kama utalala, fika kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji kwanza, sema jina lako, kwenu ni wapi, ndugu yako ni nani, unakwenda wapi. Ukishafanya hivyo, usiku huo kijiji kizima kinajua kuna binti wa watu amelala pale, na huo ndio ulinzi wako mkubwa kuliko kufuli.

Usiende peke yako. Muwe watatu au wanne, na kama mnaweza mmoja awe mtu mzima. Nyumbani acheni karatasi yenye majina ya vijiji mtakavyopita kwa mpangilio, na namba ya mwenyeji wenu. Simu zitapoteza mtandao mahali fulani, kwa hiyo namba muhimu ziandikeni pia kwa kalamu. Kijana wa bodaboda akikufuata nyuma akikuita mchumba, msalimie kwa heshima kama mdogo wako, endelea na safari, na usimwambie unakolala.

Mama akikataa, usigombane naye. Anaogopa ajali, na anaogopa maneno ya majirani. La ajali unalijibu kwa kumwonyesha njia utakayopita na saa utakayorudi, kisha urudi saa hiyo hiyo. La majirani linajibiwa na safari ya pili na ya tatu, ukirudi na dagaa wabichi na salamu za shangazi ambaye hajatembelewa miaka miwili. Watu wengi Katoro wana shangazi wa namna hiyo kilomita kumi na tano tu kutoka walipo. Anza na huyo.

Jambo la mwisho ni lenu nyote, si la binti wa Ludete peke yake. Njia hizi tulivu hazina mlinzi. Katoro inapanuka kila mwezi, na barabara ya vumbi ya leo iko kwenye mpango wa lami wa kesho. Lami ni maendeleo, siipingi, mama mjamzito anaihitaji. Lakini lami inaweza kuja na njia ya pembeni ya baiskeli na waenda kwa miguu, au ije bila hiyo, na tofauti inategemea nani alisema nini kabla mchoro haujapitishwa. Mikutano ya vijiji na vitongoji ipo, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wana ofisi. Vijana wengi hamhudhurii, mnawaachia wazee wanaotembea kwa miguu na wafanyabiashara wenye magari. Nendeni. Ukipewa nafasi ya kusema, itaje barabara kwa jina, taja shule iliyo kando yake na saa ambazo watoto wanaipita, na uombe njia ya baiskeli upande wa kushoto na wa kulia iandikwe kwenye muhtasari. Kisha baki mpaka muhtasari usomwe.